Barua ya wazi: sampuli itoke stoo, isitoke mfukoni mwa mwombaji

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya;
Msajili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala;
Wakurugenzi Wakuu, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na TBS (Shirika la Viwango);
Mkemia Mkuu wa Serikali.

YAH: UTHIBITISHO WA USALAMA NA UBORA WA DAWA ZA MITISHAMBA DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ukipita Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, unga wa mlonge, mwarobaini, mdalasini na magome ya kila rangi umepangwa kwenye makopo yenye lebo za kupendeza. Kuna picha ya jani, namba ya simu, orodha ndefu ya magonjwa, na kwa waliojipanga kuna namba ya usajili. Kinachokosekana kwenye makopo mengi ni kitu kidogo tu: namba ya toleo. Bila hiyo, kopo likimdhuru mtu Mbagala, hakuna awezaye kusema wenzake waliojazwa siku hiyo hiyo wako wapi. Huenda wako Tegeta, huenda wako Gongo la Mboto, huenda walishapanda basi la Mwanza.

Hatulalamikii upungufu wa sheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002. Baraza lipo, maabara ya Mkemia Mkuu ipo, Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ina kituo Mabibo. Tunacholalamikia ni kile kinachopimwa. Mwombaji wa usajili akiambiwa alete gramu 200, ataleta gramu 200 zilizo bora kuliko zote alizonazo. Wala si hila. Hata mpika maandazi akipeleka ya kuonjwa hachagui yaliyoungua. Cheti kinachotoka hapo kinasema kweli kuhusu gramu 200 hizo. Kuhusu viroba vilivyobaki stoo, na kuhusu vitakavyosagwa miezi sita baadaye wakati wa masika, hakisemi chochote.

Tunaomba kuazima mfano kutoka mahali pasipotarajiwa. Bangi nchini mwetu ni haramu kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na barua hii haiombi hilo liguswe hata kidogo. Lakini huko ilikoruhusiwa, serikali zililazimika kujenga utaratibu wa kuithibitisha kutoka sifuri, na utaratibu huo una mafunzo kwa mmea wowote unaokaushwa na kuuzwa. California, anayechukua sampuli ni mtumishi wa maabara, si mwenye mali. Anaifuata ghalani kwa msambazaji, kazi yake inarekodiwa kwa video, na fungu moja la maua makavu haliruhusiwi kuzidi paundi 50, yaani kilo 22 na ushee. Maua hayo hayapimwi ulevi peke yake. Risasi isizidi mikrogramu 0.5 kwa gramu, kadimiamu isizidi 0.2, na maji huru yasizidi 0.65, kipimo tutakachokieleza hapa chini. Kanada, iliyohalalisha Oktoba 2018, hairuhusu toleo kuuzwa kabla halijapimwa. Ni ajabu kidogo kwamba kopo la bangi la Toronto linajulikana undani wake kuliko kopo la mlonge analokorogewa mtoto kwenye uji Manzese.

Na huko nako ulaghai haukukosekana. Mwaka 2018 maabara moja ya Sacramento ilibainika kughushi matokeo ya viuatilifu 22 kati ya 66 iliyotakiwa kupima, na ikasalimisha leseni. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na mafuta ya bangi ya kuvuta kwa kifaa cha umeme, mengi yakiwa ya mitaani. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Kiungo kilichoshukiwa zaidi ni asetati ya vitamini E, iliyotumika kuyafanya mafuta yaonekane mazito. Nani angefikiria kuipima? Maabara huona kile ilichoagizwa kutafuta. Hili tutalirudia tukifika kwenye dawa za nguvu za kiume.

Kwanza tueleze mmea unaharibikia wapi, kwa sababu mkaguzi asiyejua mahali hapo ataishia kukagua rangi ya ukuta na cheti cha zimamoto.

Unaharibikia kwenye kukausha. Majani ya mlonge yakichumwa yana maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 10 mbichi hutoa kilo 2 na kitu zikikauka. Msindikaji mwenye haraka, na mnunuzi anapiga simu, huyaanua yakiwa yamekauka juu huku vikonyo vingali laini. Dar es Salaam hewa yenyewe ina unyevu mwingi, na miezi ya masika jani lililokauka vizuri mchana hunyonya maji tena usiku likiachwa wazi. Turubai lililotandazwa chini kando ya barabara huongeza vumbi, mbuzi na kuku. Dawa ya hayo inajulikana: chekeche za wavu zilizoinuliwa mita moja kutoka chini, tabaka moja tu la majani, kivuli chenye upepo au kikaushio cha jua kisichozidi nyuzi 55, na vikonyo vitolewe kabla. Jani likauke hadi livunjike kwa sauti. Likikunjika bila kuvunjika, lirudi kwenye wavu.

Kisha kwenye kusaga. Wengi hawana mashine yao, hupeleka kwenye ile inayosaga dona asubuhi, karanga mchana na binzari jioni. Kilo moja au mbili za kwanza zinazotoka hapo ni mabaki ya mteja aliyetangulia, na mwenye mzio wa karanga hana habari. Nyundo zilizochakaa na chekeche iliyotoboka humwaga chuma ndani ya unga. Kulijua hili hakuhitaji maabara: funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe taratibu kwenye kilo moja ya unga uliotandazwa, kisha geuza mfuko juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vumbi jeusi lenye kung'aa, mashine hiyo isisage dawa.

Na kosa tunaloliona dogo kuliko yote ndilo linaloharibu makopo mengi. Unga hutoka kwenye mashine ukiwa wa moto. Ukijazwa hapo hapo na kifuniko kukazwa, mvuke hupanda, hugonga kifuniko na kurudi matone. Nje kopo ni kavu kabisa. Fungua baada ya wiki mbili: juu kuna bonge la ukubwa wa sarafu, limeshikamana, lina harufu ya gunia la zamani, na ukilivunja ndani ni kijivu. Muuzaji hulitoa kwa kijiko na kuendelea kuuza chini yake. Unga ulipaswa kutandazwa kwenye sinia safi, ufunikwe kitambaa chepesi mpaka upoe kabisa, ndipo upakiwe.

Hapo ndipo maji huru yanapoingia. Kipimo hiki hakiulizi kuna maji kiasi gani kwenye unga; kinauliza ukungu unaweza kuyanywa kiasi gani. Chini ya 0.60 ukungu hauoti. Mashine ya maabara ni ghali, lakini msindikaji anaweza kupata makadirio mazuri kwa kipimo kidogo cha unyevu wa hewa kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Jaza unga robo tatu ya chupa ya kioo, weka kipimo juu, kaza kifuniko, acha usiku kucha mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Kikisoma 58, maji huru ni kama 0.58. Kikisoma 70, rudi kwenye wavu. Ili kujua kama kipimo chenyewe kinadanganya, weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko kidogo, dondoshea maji mpaka iwe tope zito, funga pamoja na kipimo kwenye chupa nyingine. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 79, basi kila utakachosoma punguza 4.

Tunaomba kipimo hiki kiwe sharti la kwanza la uthibitisho, kabla ya maabara yoyote. Ni rahisi, hufanyika nyumbani, na kinamfundisha mzalishaji kuliko semina ya siku tatu.

Sasa sampuli. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu ulio wazi kwa mimea tiba. Viroba vikiwa 5 au pungufu, vyote vifunguliwe. Vikiwa 6 hadi 50, vichaguliwe 5. Vikizidi 50, asilimia 10. Kila kiroba kichomwe bambo, kile chuma chenye uwazi cha kutolea sampuli guniani, mara tatu: juu, katikati na chini. Vilivyotoka vichanganywe, virundikwe, rundo ligawanywe mafungu manne, mawili yanayotazamana yatupwe, mawili yachanganywe tena, mpaka kibaki kiasi kinachohitajika. Kibaki mara tatu: moja ya maabara, moja ya mzalishaji, moja ifungwe lakiri na kubaki kwa mkaguzi endapo patatokea ubishi. Kazi hii ni ya chini ya saa moja, na mratibu wa tiba asili wa halmashauri anaweza kuifanya akiwa na bambo, mizani, mifuko na stika za lakiri.

Tunajua jibu litakalokuja: watumishi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Ndiyo maana hatuombi kila kiroba kikaguliwe. Tunaomba sampuli ya usajili ichukuliwe na mtumishi, na baada ya hapo mara mbili kwa mwaka makopo yanunuliwe dukani kimya kimya kama mteja wa kawaida anavyonunua, mara moja katika masika. Kopo la dukani lina thamani kuliko la kiwandani, kwa sababu limeshapitia jua la kibanda, boda boda na mikono ya watu.

Vipimo vyenyewe visiwe orodha moja kwa kila kitu. Jani la kuchemshwa na unga wa kukorogwa kwenye uji wa vuguvugu ni bidhaa mbili tofauti hata kama zimetoka mti mmoja. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu bakteria hadi 10,000,000 kwa gramu kwa jani litakalomwagiwa maji yanayochemka, lakini 100,000 tu kwa kile kinachomezwa kama kilivyo. Ukungu na hamira ni 10,000 dhidi ya 1,000, na E. coli ni 100 dhidi ya 10. Salmonela isionekane. Kwa hiyo lebo inayosema "chemsha au kula hivi hivi" ihukumiwe kwa viwango vikali, kwa sababu mteja atakula hivi hivi. Kwa metali nzito, miongozo hiyo hiyo inaweka risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo na kadimiamu 0.3. Kwa mizizi na viungo kama tangawizi na manjano, sumukuvu ni lazima. Dodoma na Manyara walizika watu mwaka 2016 kwa sumukuvu ya mahindi, na ukungu hauchagui kati ya hindi na tangawizi iliyokatwa vipande ikaanikwa wakati wa mvua.

Dawa za maji zinahitaji sura yake. Mchemsho wa magome uliotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyookotwa, bila asidi wala kihifadhi, huanza kuchacha ndani ya siku chache. Kifuniko kikifurika au kikipasuka "pusu" kinapofunguliwa, wauzaji wengine huita hiyo nguvu ya dawa. Ni gesi ya vimelea. Masharti yawe mafupi: chupa mpya, dawa ijazwe ikiwa moto, uchachu upimwe kwa karatasi ya pH na namba isizidi 4.5 (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa), na tarehe ya mwisho wa matumizi itokane na chupa zilizowekwa stoo na kufunguliwa kila wiki, isitokane na mazoea ya kuandika miaka miwili kwa kila kitu.

Kuhusu utambuzi wa mmea: magome yakishasagwa yanafanana. Kabla ya usajili, tawi lenye jani, na ua au tunda, lipelekwe kwa wataalamu wa mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Jina la kienyeji halitoshi, kwa kuwa jina moja Handeni ni mti mmoja na Tunduru ni mwingine.

Tuje kwenye linaloogopwa kusemwa. Duniani kote, dawa "za asili" zinazofanya kazi haraka mno hukutwa na dawa za kiwandani zilizosagwa ndani: sildenafili, yaani kiini cha Viagra, kwenye za nguvu za kiume, deksamethasoni na diklofenaki kwenye za maumivu ya viungo, sibutramini kwenye za kupunguza mwili. Mzee wa miaka 60 anayetumia vidonge vya nitrati kwa ajili ya moyo, akanywa unga wenye sildenafili asiyoijua, presha inaweza kushuka akafa kabla gari halijafika hospitali. Kipimo cha bakteria na metali hakitaliona hili kamwe, kama vile kipimo cha ulevi kisivyoiona asetati ya vitamini E. Sampuli ya mwombaji nayo haitalionyesha, maana hakuna anayechanganya Viagra kwenye unga anaoupeleka kwa Mkemia Mkuu. Uchunguzi wa awali hufanyika kwa kromatografia ya bamba nyembamba, ukilinganisha doa la unga na doa la dawa halisi, na doa likifanana sampuli hupelekwa kwenye mashine kubwa kuthibitishwa. TMDA inaujua utaratibu huu siku nyingi kupitia vifaa vya Minilab, yaani maabara ndogo ya kubebeka, inavyotumia kuchuja dawa za kisasa. Tunaomba vifaa hivyo vifunguliwe mlango kwa mitishamba, vianze na makundi hayo matatu, na vianzie kwenye makopo yaliyonunuliwa mitaani.

Na matokeo yatangazwe kwa jina la bidhaa na namba ya toleo, siyo kwa maneno ya jumla kwamba "wananchi wawe makini". Wananchi wawe makini na kopo lipi?

Kuna suala la mipaka ya ofisi. Tangu mwaka 2019 chakula kilipohamia TBS, unga ule ule wa mlonge ukiandikwa "lishe" unaelekea Ubungo, ukiandikwa "hushusha sukari" unaelekea Baraza. Wajanja wameshajua: lebo husajiliwa ya lishe, halafu tiba hutangazwa kwa spika ya kwenye kirikuu au kwenye video ya simu. Tunapendekeza fomu moja ya kuingilia. Mwombaji ataje mmea, sehemu ya mmea, namna ya kutumia na kila anachotamka kuhusu bidhaa hiyo popote anapoitangaza. Ofisi zigawane zenyewe kwa ndani. Vipimo vya msingi, yaani maji huru, vimelea na metali, vifanyike mara moja na vitambuliwe na pande zote, kwa sababu risasi haijui kama imo kwenye chakula au kwenye dawa.

Gharama ndiyo itakayoua pendekezo lolote lisilolitazama hili. Mama wa Tandale anayetoa makopo 80 kwa mwezi hawezi kulipia vipimo sawa na kiwanda. Kwanza, barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inamsaidia mjasiriamali mdogo kwenye alama ya TBS. Unafuu wa namna hiyo uvukie na upande wa tiba. Pili, wazalishaji wadogo waruhusiwe kuchanganya sampuli ili kugawana ada, ila kwa hesabu sahihi. Sampuli tano zikichanganywa, iliyo chafu huzimuliwa na nne safi. Kama kikomo cha risasi ni 10, mchanganyiko wa watano uonwe na shaka ukianzia 2, na hapo kila mmoja apimwe peke yake. Ukiacha kikomo kibaki 10 kwa mchanganyiko, umempa mmoja ruhusa ya kuuza unga wenye 45. Na kwa vimelea na sumukuvu, ambavyo hukaa kwa mafungu mafungu, kuchanganya kusiruhusiwe kabisa.

Tatu, kuwe na daraja la kuanzia. Mwaka wa kwanza msindikaji adaiwe mambo manne tu: daftari la matoleo, namba ya toleo kwenye kila kopo, kipimo cha maji huru kwa kila toleo, na kopo mbili za kila toleo kubaki stoo mpaka tarehe yake ya mwisho ipite. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Safu zake ziwe: tarehe ya kuchuma, aliyeuza majani na mahali, kilo mbichi, kilo kavu, mashine iliyosaga, kipimo cha chupa, idadi ya makopo, yalikopelekwa. Mkaguzi akitaka kujua kama daftari ni la kweli au liliandikwa jana usiku, agawe kilo mbichi kwa kilo kavu. Kwa mlonge jibu licheze kwenye 4 au kidogo zaidi. Daftari linaloonyesha kilo 10 mbichi zimetoa kilo 5 kavu lina majani yasiyokauka, au lina mwandishi asiyewahi kukausha.

Namba ya toleo nayo isigeuzwe mradi wa zabuni. Herufi za jina la msindikaji, tarehe ya kusaga na namba ya fungu la siku hiyo vinatosha, kwa muhuri wa mpira au kalamu ya wino usiofutika.

Rasimu ya daftari hilo, fomu ya kuchukulia sampuli na jedwali la viwango kwa kila aina ya bidhaa vimeambatishwa. Tunapendekeza majaribio yaanze na bidhaa tatu, unga wa mlonge, tangawizi kavu na dawa za maji za kikohozi, katika halmashauri mbili za mkoa huu, kabla ya mvua za masika.

Wenu katika kazi,

Wasindikaji wa mimea tiba, wafamasia na wataalamu wa maabara,
Dar es Salaam.

Nakala:
Waganga Wakuu, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.